Barua Kutoka Harrisburg: Namna ya Kukata Rufaa Leseni Inapofungiwa kwa Kukataa Kipimo cha Ulevi

Posta inaleta bahasha siku kadhaa baada ya usiku ule. Ndani yake mna barua ya Idara ya Uchukuzi ya Pennsylvania, PennDOT, kutoka Harrisburg: leseni itafungiwa miezi 12 kwa sababu dereva alikataa kipimo cha kemikali. Wengi wakiisoma hudhani ni sehemu ya kesi ya ulevi wanayoingoja mahakamani. Wanaiweka juu ya friji pamoja na bili za umeme, wapate kumwonyesha wakili siku ya kesi. Siku hiyo inapofika, muda wa kukata rufaa umeshapita.

Mwongozo huu ni wa dereva huyo, na wa ndugu au jirani anayemsomea barua. Pennsylvania ina wasemaji wengi wa Kiswahili, wakiwamo Wakongo waliopokelewa kama wakimbizi katika miji kama Erie na Lancaster. Kwa mtu anayeingia zamu ya usiku kwenye ghala lililo mbali na njia ya basi, kufungiwa leseni ni kupoteza kazi, na mtu asipoteze kazi kwa sababu tu hakuelewa karatasi.

Anayeishi jimbo jingine aangalie sheria za huko, maana tarehe hazifanani. Massachusetts, kwa mfano, inampa dereva siku 15 tu za kuomba kusikilizwa.

Kwa nini leseni inafungiwa kabla ya hukumu

Kifungu cha 1547 cha sheria ya magari ya Pennsylvania kinamhesabu kila anayeendesha gari katika jimbo kuwa amekwisha kukubali kupimwa pumzi au damu, ikiwa polisi ana sababu za msingi za kuamini kwamba ameendesha akiwa amelewa pombe au dawa. Hukutia saini popote. Kwa kushika usukani tu, sheria inasema umekubali.

Ukikataa, jimbo linaondoa ruhusa liliyokupa. Halihitaji kuthibitisha kwamba ulikuwa umelewa, kwa sababu hilo silo kosa linaloadhibiwa hapa. Kinachoadhibiwa ni kukataa.

Mwaka 2016, katika kesi ya Birchfield v. North Dakota, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba jimbo haliwezi kumpa mtu adhabu ya jinai kwa sababu tu amekataa kutolewa damu bila hati ya jaji. Habari hiyo ilienea haraka, lakini wengi walipata nusu yake. Nusu nyingine ni kwamba uamuzi ule haukuziondoa adhabu za kiraia, na kufungiwa leseni ni mojawapo.

Adhabu zenyewe ni hizi:

- Miezi 12 kwa anayekataa mara ya kwanza.
- Miezi 18 kwa aliyewahi kukataa kipimo au kutiwa hatiani kwa kuendesha akiwa amelewa.
- Ada ya kurudishiwa leseni: dola 500 mara ya kwanza, dola 1,000 mara ya pili, na dola 2,000 kwa mara zinazofuata.

Kesi mbili, kalenda mbili

Usiku mmoja barabarani huzaa kesi mbili. Ya kwanza ni ya jinai: mwendesha mashtaka anadai uliendesha ukiwa umelewa. Ya pili ni ya kiraia, kati yako na PennDOT, kuhusu leseni peke yake. Kila moja ina jaji wake, tarehe zake na ushahidi wake.

Ukiachiwa huru katika kesi ya jinai, barua ya Harrisburg inabaki pale pale. Ukikubaliana na mwendesha mashtaka apunguze shtaka, makubaliano hayo hayaifungi PennDOT. Hata anayekubaliwa kwenye mpango wa ARD, unaowapa wakosaji wa mara ya kwanza nafasi ya kurekebishwa bila kutiwa hatiani, bado hufungiwa leseni miezi 12 kwa kukataa kipimo, asipokata rufaa na kushinda.

Mlango wa kuiokoa leseni ni mmoja: rufaa katika mahakama ya kaunti, ambayo jina lake rasmi ni Court of Common Pleas, ndani ya siku 30.

> KISANDUKU: Usichanganye vipimo viwili
>
> *Kipimo cha barabarani.* Kabla hujakamatwa, polisi anaweza kukupa kifaa kidogo cha kupuliza, ndugu wa kile Wakenya wanachokiita alcoblow. Kukataa kifaa hiki peke yake hakuleti ile adhabu ya miezi 12.
>
> *Kipimo cha kemikali.* Hiki kinafuata baada ya kukamatwa: kupuliza kwenye mashine kubwa kituoni au kutolewa damu hospitalini. Kabla yake polisi husoma maonyo kutoka fomu ya DL-26. Kukataa hiki ndiko kunakoleta barua.
>
> Kama ulikataa cha kwanza tu na barua ikaja, una hoja ya kumpelekea jaji.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta tarehe ya kutumwa. Barua ina tarehe mbili muhimu: siku ilipotumwa, yenye maneno “Mail Date”, na siku adhabu inapoanza. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia ile ya kutumwa. Siku uliyoipokea au uliyoifungua haihesabiki. Chukua mfano wa barua iliyotumwa Machi 3: siku ya mwisho ni Aprili 2, hata kama ilikufikia Machi 12. Siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya serikali, inasogea hadi siku ya kazi inayofuata.

2. Tunza barua na bahasha yake. Zipige picha kwa simu siku hiyo hiyo. Barua ndiyo kiambatisho cha rufaa, na muhuri wa posta unaweza kukusaidia pakizuka ubishi wa tarehe.

3. Andika kumbukumbu ya usiku ule. Andika leo, kwa Kiswahili, kabla hujasahau: ulisimamishwa wapi na saa ngapi, polisi alisema nini, ulisomewa karatasi au hukusomewa, uliulizwa mara ngapi, ulijibu neno gani, ulikuwa na maumivu au ugonjwa gani, nani alikuwapo. Mwandikie wakili wako. Usiisambaze kwenye kundi la WhatsApp.

4. Tambua kaunti sahihi. Hapa wengi hukosea. Rufaa ya kukataa kipimo hufunguliwa katika kaunti ulikokamatwa, hata kama unaishi kwingine. Mkazi wa Lancaster aliyekamatwa Kaunti ya York anakwenda mahakama ya York. Mwenye leseni ya Ohio au New York aliyekamatwa Pennsylvania naye anakwenda kaunti alikokamatwa.

5. Tafuta wakili mapema. Wakili wa serikali anayetolewa bure katika kesi ya jinai hatolewi kwa kesi hii ya kiraia. Piga simu chama cha mawakili cha kaunti uulize huduma yao ya kuelekeza watu kwa mawakili, na uliza shirika la msaada wa kisheria lililo karibu nawe. Kama wakili wa kesi ya jinai ameshapatikana, muulize waziwazi: “Je, unanishughulikia na rufaa ya leseni pia?” Usidhani tu kwamba anaishughulikia. Ukikosa wakili, sheria inakuruhusu kujiwakilisha.

6. Andaa hati ya rufaa. Haihitaji maneno mengi. Iwe na jina lako kamili, anwani, namba ya leseni, tarehe ya kutumwa kwa barua, muda wa kufungiwa, kaunti ulikokamatwa, na sababu za kupinga. Ambatisha nakala ya barua. Uliza mahakama kama ina fomu yake ya rufaa za leseni.

7. Iwasilishe na ulipe ada. Katika kaunti nyingi ofisi inayopokea hati hizi inaitwa Prothonotary. Allegheny, yaani eneo la Pittsburgh, inaitwa Department of Court Records, na Philadelphia ni Office of Judicial Records. Ada inatofautiana kwa kaunti. Asiyeweza kulipa anaweza kuiomba mahakama imsamehe ada kwa kueleza kipato chake chini ya kiapo. Ondoka na nakala iliyopigwa muhuri wa tarehe.

8. Ipelekee PennDOT nakala. Hatua hii ndiyo inayokuruhusu kuendelea kuendesha. Sheria inasema kuwasilisha rufaa *na* kuikabidhi kwa idara kunasimamisha adhabu mpaka mahakama iamue. Fuata maelekezo ya barua na ya mahakama kuhusu anwani ya mawakili wa idara, tuma kwa posta yenye risiti ya kupokelewa, na uitunze risiti hiyo. Aliyewasilisha mahakamani bila kuikabidhi idara amefanya nusu ya kazi.

9. Omba mkalimani. Mahakama za Pennsylvania hutoa wakalimani, lakini wa Kiswahili hapatikani kwa siku moja. Omba kwa maandishi mara tu upatapo tarehe. Taja Kiswahili chako: anayezungumza Kiswahili cha Bukavu na aliyekulia Zanzibar wanaelewana, ila mkalimani akijua mapema atajiandaa. Usimlete mtoto wako au rafiki atafsiri ushahidi wako.

10. Fika. PennDOT hupewa taarifa ya siku 60 kabla ya shauri, hivyo utasubiri. Ukihama katikati ya kusubiri, ijulishe mahakama na PennDOT. Sheria inataka idara ijue anwani mpya ndani ya siku 15. Asiyefika siku ya shauri hupoteza rufaa, na wengi waliopoteza hivyo walikuwa na hoja nzuri.

Maswali manne ya jaji

Jaji husikiliza jambo upya, peke yake, bila baraza la wazee wa mahakama. Wakili wa PennDOT ndiye anayeanza, na lazima athibitishe mambo manne:

1. Polisi aliyekukamata kwa ulevi alikuwa na sababu za msingi za kuamini kwamba uliendesha, au ulikuwa na udhibiti wa gari, ukiwa umelewa.
2. Uliombwa kupimwa.
3. Ulikataa.
4. Ulionywa kwamba ukikataa leseni itafungiwa.

Moja tu likikosekana, umeshinda. Kwa hiyo pima kumbukumbu yako ya hatua ya tatu kwa maswali haya, moja moja.

Katika la kwanza, kiwango cha ushahidi ni cha chini. Polisi hahitaji kuwa alikuona ukiendesha, wala hahitaji kuwa alikuwa sahihi. Inatosha kwamba mtu makini aliyeona aliyoyaona angeweza kufikia dhana hiyo. Hata hivyo kuna kesi zinazostahili kuulizwa. Kama gari lilikuwa limeegeshwa, injini imezimwa, na wewe umelala kiti cha nyuma, wakili atauliza ni nini kilichoonyesha kwamba uliliendesha ukiwa katika hali hiyo.

La tatu ndilo linalowaangusha wengi. Katika Pennsylvania, jibu lolote lililo pungufu ya “ndiyo” iliyo wazi na isiyo na masharti huhesabiwa kukataa. “Sijalewa, mnanipima nini?” ni kukataa. “Naomba kwanza nimpigie mke wangu” ni kukataa. Kuomba wakili kabla ya kujibu ni kukataa, na fomu ya DL-26 inasema hivyo. Kupuliza kidogo kidogo mpaka mashine ishindwe kupima kunaweza kuhesabiwa vivyo hivyo. Ukibadili nia dakika kumi baadaye, kule kukataa kwa kwanza hakufutiki.

Na kimya ni kukataa. Wengi waliolelewa Afrika Mashariki na Kongo wamefundishwa kutojibizana na askari: unainamisha macho, unanyamaza, unasubiri amri. Polisi wa Pennsylvania anaandika kimya hicho kama “hapana”.

Katika la nne, uliza ni fomu ipi iliyosomwa. DL-26A ni ya pumzi na DL-26B ni ya damu. Je, ilisomwa kabla ya kuombwa kupimwa? Ilisomwa yote? Kama kuna video ya gari la polisi au kamera ya kifuani, wakili aiombe mapema.

Ukithibitishiwa yote manne

Zamu inageukia kwako. Unaweza bado kushinda ukithibitisha kwamba mwili wako haukuweza kufanya kipimo, au kwamba kukataa kwako hakukuwa kwa ufahamu na hiari. Mfano ni mgonjwa wa mapafu aliyeshindwa kupuliza, au aliyegonga kichwa kwenye ajali akawa hajitambui vizuri.

Neno la dereva peke yake kwa kawaida halitoshi. Isipokuwa jeraha lilionekana na kila mtu, jaji atataka daktari aeleze. Na kama pombe ilichangia kukutoa fahamu, utetezi huo unaanguka. Anza kutafuta rekodi za hospitali wiki hiyo hiyo.

> KISANDUKU: “Sikuelewa Kiingereza”
>
> Utetezi huu una nguvu tofauti kila jimbo. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya New Jersey iliamua kwamba dereva lazima aelezwe matokeo ya kukataa kwa lugha anayoielewa, ikafuta hatia ya dereva msemaji wa Kihispania aliyesomewa kwa Kiingereza.
>
> Ng'ambo ya mto Delaware mambo ni magumu zaidi. Mahakama za Pennsylvania zimeamua kwamba polisi hana wajibu wa kuhakikisha dereva ameyaelewa maonyo. Usiitegemee hoja hii peke yake. Mweleze wakili kiwango chako cha Kiingereza, kama uliomba mkalimani, na kama polisi alipiga simu ya huduma ya ukalimani, ili aone kama inaongeza uzito kwenye hoja nyingine.

Makosa yanayojirudia

*Kubishana kwamba ulisimamishwa kinyume cha sheria.* Katika kesi ya jinai hoja hiyo inaweza kufuta ushahidi. Katika rufaa ya leseni Pennsylvania haina uzito. Jaji ataipita arudi kwenye maswali yake manne.

*Kumweleza jaji shida za nyumbani.* Dereva ana watoto, ana mkopo wa gari, mama yake ni mgonjwa: yote ni kweli na yote yanauma. Jaji hana mamlaka ya kupunguza miezi 12 iwe sita kwa huruma.

*Kuzungumza mno.* Unayosema chini ya kiapo hapa yanaweza kutumika kule kwenye jinai. Kukataa kwenyewe kunaruhusiwa kuwa ushahidi katika kesi ya ulevi. Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilithibitisha hilo mwaka 2019. Usitoe ushahidi kabla wakili wa kesi ya jinai hajajua.

*Kusahau leseni ya lori.* Kukataa mara ya kwanza humwondolea dereva haki ya kuendesha magari ya kibiashara kwa mwaka mmoja, miaka mitatu kama alibeba mizigo ya hatari, na mara ya pili ni maisha. Hata kama usiku ule alikuwa kwenye gari lake dogo, hatari hiyo ipo. Soma kila barua inayokuja, na umwonyeshe wakili zote.

*Kukubali kosa bila kumuuliza wakili wa uhamiaji.* Asiye raia wa Marekani apate ushauri huo kabla ya kukiri lolote kwenye kesi ya jinai, kwa sababu hatia ya ulevi inaweza kuangaliwa anapoomba uraia.

*Kuchelewa na kutegemea huruma.* Rufaa ya baada ya siku 30 hupokelewa tu pakiwa na udanganyifu, hitilafu ya ofisi ya serikali au mahakama, au tukio ambalo halikutokana na uzembe wa dereva. “Nilikuwa na kazi nyingi” haimo.

Ukishindwa

Una siku 30 nyingine za kukata rufaa Commonwealth Court, inayosikiliza rufaa hizi kutoka kaunti zote. Ulinzi wa kuendelea kuendesha haukufuati huko wenyewe. Wakili lazima auombe.

Kama unaishia hapo, rudisha leseni mara moja. Muda wa adhabu hauanzi kuhesabiwa mpaka PennDOT iwe na leseni yako mkononi au fomu ya DL-16LC ya kukiri kwamba umefungiwa. Wapo waliokaa mwaka mzima bila kuendesha, leseni ikiwa mfukoni, wakaambiwa kwamba hata siku moja haijahesabiwa.

Baada ya nusu ya adhabu, yaani miezi sita kati ya 12 au tisa kati ya 18, unaweza kuomba leseni yenye masharti, inayokuruhusu kuendesha gari lililofungwa kifaa cha kupuliza kabla ya kuwaka.

Usiendeshe ukiwa umefungiwa, hata kwenda dukani. Kwa adhabu ya aina hii kosa la kwanza lina faini ya dola 500 na kifungo cha siku 60 hadi 90. Panga usafiri na wenzako wa zamu mapema.

Orodha ya kukagua

☐ Nimezungushia duara tarehe ya kutumwa, na nimehesabu siku 30 kwenye kalenda.
☐ Nina picha za barua na bahasha.
☐ Nimeandika kumbukumbu ya usiku ule.
☐ Najua kaunti nilikokamatwa na ofisi inayopokea rufaa.
☐ Nimemuuliza wakili waziwazi kama anashughulikia leseni.
☐ Nina nakala ya rufaa yenye muhuri wa tarehe.
☐ Nina risiti kwamba PennDOT imepokea nakala yake.
☐ Nimeomba mkalimani kwa maandishi.
☐ Nimeomba rekodi za hospitali, kama zinahusika.
☐ PennDOT na mahakama zina anwani yangu ya sasa.

Kama unasoma haya na siku ya 30 ni leo, usiitie rufaa kwenye posta: kinachohesabika ni siku ofisi ya mahakama inapoipokea. Chukua barua, kitambulisho na pesa za ada, omba mtu akupeleke, na ufike dirishani kabla ofisi haijafungwa.